Tulioagwa Kabla ya Barua

Mume wangu ndiye aliyeleta habari ile kutoka kanisani, Jumapili ya mavuno. Ofisi moja ya misheni ilikuwa inatafuta wastaafu, mume na mke, wa kwenda kujitolea nje ya nchi kwa miaka miwili. Yeye alikuwa amefundisha useremala chuoni tangu ujana wake, na mimi nilikuwa mkunga.

"Mama," aliniambia hata kabla hajavua koti, "wanataka fundi na mkunga. Sasa hapo wamembakiza nani?"

Nilimwambia ale kwanza. Lakini moyoni nilikuwa nimeshakubali. Watoto wetu wote wana miji yao. Mungu alikuwa ametulea mpaka uzee huu pamoja, na wengi waliofunga ndoa mwaka mmoja na sisi wamebaki mmoja mmoja. Niliona ni haki kumtumikia tukiwa bado wawili.

Sharti lilikuwa wazi tangu mwanzo: wanaomba wawili, wanapokelewa wawili. Mmoja akionekana hafai, ombi lote linaanguka.

Usaili ulikuwa Mbeya. Tulipanda basi la asubuhi pale Ilula, na kesho yake tukakaa mbele ya watu watatu waliotuuliza maswali kwa zamu. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye miwani, aliuliza, "Mkikosana huko ugenini, nani atawapatanisha?"

Mume wangu akajibu, "Mke wangu ni mkunga. Amezoea kutukanwa na watu wenye uchungu."

Walicheka wote watatu. Tukaambiwa tumefaulu, zimebaki fomu za afya, halafu tungoje barua ya kutupangia kituo.

Wakati wa kurudi basi lilisimama Igawa. Alishuka, akavuka barabara kuninunulia mahindi ya kuchoma. Aliporudi alikuwa anahema kama mtu aliyebeba gunia. Nilijiambia ni joto. Igawa kuna joto, na sisi tumezoea baridi.

Baada ya hapo tukafanya kosa. Kwetu mtu haondoki kimyakimya kama mwizi. Anaagwa kanisani, anaombewa, anapewa kitu mkononi. Mwezi ule mkuu wa jimbo alikuwa anakuja kutembelea usharika wetu, na asingerudi tena mpaka mwaka mwingine. Mchungaji akatuita.

"Baraka ya mkuu wa jimbo inapita ya kwangu," alisema. "Tuwaage sasa. Barua itawakuta mko tayari."

Tukakubali. Nakumbuka tulivyofurahi kukubali. Kwaya iliimba, akina mama wakanifunika blanketi zito la kijivu na kunivika kitenge, akina baba wakampa mume wangu sanduku jipya la safari. Tulipiga magoti, tukawekewa mikono. Maombi yalikuwa marefu. Yalipokwisha, mume wangu hakuweza kuinuka. Mzee mmoja wa kanisa alimshika kwapani akamnyanyua, na akina mama wakapiga vigelegele wakidhani ameguswa na Roho. Mimi niliuona uso wake. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

Jioni ile alipovua viatu, soksi zilikuwa zimemchora mistari miguuni. Nilisubiri alale kidogo kwenye kiti, nikambonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko. Nilipokitoa, shimo lilibaki. Nimebonyeza miguu ya wajawazito miaka mingi sana, na ninajua mguu mzima unajaa upesi kiasi gani. Ule haukujaa. Nilikaa nikiutazama ule mviringo mpaka nikasikia majirani wanaingiza ng'ombe.

Juma lililofuata fomu zilifika. Kulikuwa na ukurasa ambao kila mmoja alitakiwa aeleze afya ya mwenzake, kama anavyoijua mtu wa ndani. Alijaza wa kwangu akicheka, akaandika kwamba nakoroma ila si kwa kiwango cha kuvunja mkataba. Mimi nilishika kalamu muda mrefu. Mwishowe niliandika: "Ni mzima. Anafanya kazi zake zote." Nikaweka nukta.

Nimeulizwa na mtu mmoja tu kwa nini niliandika vile, na jibu ni fupi. Tulikuwa tumeshaagwa. Ningewarudia vipi wale akina mama na blanketi lao? Nilikuwa nimewafundisha watoto wa kipaimara habari za yule mume na mke waliodanganya mbele ya mitume, wakaanguka mmoja baada ya mwenzake. Nilifundisha hadithi ile kwa sauti kubwa kabisa. Siku ile sikuikumbuka, au nilikataa kuikumbuka.

Basi tukangoja. Mwezi, miezi. Barabarani wanapouza nyanya, mama mmoja niliyemzalisha watoto wanne aliacha kupanga tenga lake akanitazama.

"He, bibi! Bado mpo?"

"Bado tupo, mwanangu."

"Jamani! Mimi nilishawalilia nikamaliza. Sasa mkienda kweli nitatoa wapi machozi mengine?"

Wenzake walicheka na mimi nikacheka. Lakini wiki hiyo niliulizwa swali lile mara tano, na halikuwa linachekesha kila mara. Shamba la bondeni tulikuwa tumempa mpwa wa mume wangu, naye alikuwa ameshapanda viazi. Kiti cha mume wangu kwenye baraza la wazee kilikuwa kimeshapata mtu. Siku moja aliingia kikaoni kwa mazoea, wote wakasimama kumsalimia kama mgeni, na hakukuwa na pa kukaa. Alirudi nyumbani mapema, akaniambia kikao kilikuwa kifupi.

Shangazi yake, bibi kizee asiyeona vizuri, alikuja kututembelea na fimbo yake. "Kamwene," alitusalimia mlangoni kwa kilugha, akakaa, akanywa chai yote kabla ya kusema jambo lingine. Ndipo akasema, "Mtu akishaagwa, njia inamngoja. Isipompeleka huku, itampeleka kule."

"Shangazi, sisi ni watu wa maombi," mume wangu alimwambia.

"Na mimi je? Nimebatizwa kabla mama yako hajaolewa. Nasema tu nilichokiona."

Siamini mambo ya namna hiyo, wala sikuyaamini siku ile. Hata hivyo nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Mume wangu alikuwa na furaha yake. Alinoa patasi zake moja moja, akazifunga kwenye kitambaa chenye mafuta. Wakati huohuo aliongeza mto wa pili kitandani, halafu wa tatu, akisema ni kwa ajili ya kusoma. Alianza kuvaa soksi ndefu za mpira hata mchana wa jua. Kwenye mwinuko wa kwenda kanisani alikuwa anasimama mara mbili, akiniambia nitazame jinsi milima ilivyo mizuri. Niliitazama. Niliomba kila asubuhi barua isije. Mchana nikimwona ananoa patasi, niliomba ije.

Ilikuja wiki mbili baada ya Pasaka. Mchungaji alituletea mwenyewe, akaomba nasi, akaondoka kutuachia faragha. Mume wangu alivaa miwani akasoma kwa sauti, wima, kama anasoma somo la siku. Tulikuwa tumepangiwa zahanati ya milimani katika nchi ya visiwa, yenye karakana ndogo pembeni. Tungeondoka baada ya miezi miwili. Kutoka uwanja wa ndege mdogo mpaka kituoni ni safari ya siku nzima kwa miguu. Daktari hakuna. Mgonjwa akizidiwa, anabebwa kwa machela kuteremshwa.

Alipofika hapo sauti ilishuka. Akarudia mstari ule polepole. Kisha akaketi.

"Baba," nilimwambia, "niliandika uongo kwenye fomu."

"Ukurasa gani?"

"Wa kwako."

Aliikunja barua vizuri, akaiweka mezani. Halafu akainama kwa taabu, akavuta soksi moja chini. Mguu ulikuwa unang'aa.

"Nilikuwa najiuliza utaanza lini," alisema. "Mkunga gani huyu, anambonyeza mtu akidhani amelala."

"Ulikuwa unajua? Kwa nini ukanyamaza?"

"Nilikuona siku ile ulivyoshika kalamu muda mrefu. Nikajua unapima. Ulipoandika mzima, nikasema, huyu ndiye mwenye ujuzi. Kama yeye ameona ni mzima, basi ni uzee tu." Akaipandisha soksi. "Nilikuamini, mama. Kwa nini nisikuamini?"

Miezi yote ile nilidhani nimeidanganya ofisi tu.

Kesho yake tulikwenda hospitali Iringa. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisikiliza kifua, akaagiza picha, akatuonyesha moyo uliotanuka kama mfuko uliojazwa kupita kiasi. Alimweleza mume wangu kila kitu kwa heshima. Kisha akanigeukia, maana mume wangu alikuwa ameshamwambia kazi yangu.

"Bibi, uvimbe huu ulianza lini?"

Nilimtajia mwezi. Aliandika, hakuuliza zaidi. Baadaye, mume wangu alipokwenda kuchukua dawa dirishani, aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini tulichelewa, na yeye ndiye yule mtu mmoja niliyemjibu.

Niliiandikia ofisi kwa mkono wangu, nikaeleza ukurasa upi ulikuwa wa uongo na nani aliuandika. Walijibu kwa upole. Ombi la wawili limefungwa, walisema, na wanatuombea. Kanisani nilisimama mwenyewe kabla ya matangazo, nikasema vilevile. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja alilia. Mchungaji aliniomba msamaha kwa haraka yake, nami nilimwambia haraka haikuandika fomu.

Namshukuru Mungu kwa muda tuliopewa. Daktari aliniagiza ninunue mizani, nimpime kila asubuhi kabla ya uji. Maji yakirudi mwilini, uzito unapanda kabla mguu haujavimba. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache, tusingoje, turudi hospitali siku ileile. Kwa hiyo kila asubuhi anapanda juu ya mizani akiwa ameshika ukuta, na mimi nachuchumaa kusoma, maana yeye akiinama anakosa pumzi. Namba anaijua kwa mdomo wangu tu.

Jumapili ilikuwa sitini na mbili. Jana sitini na tatu. Leo asubuhi nilisoma mara mbili, nikafuta kioo cha mizani kwa upindo wa kitenge, nikasoma tena.

"Ngapi?" aliuliza kutoka juu.

"Sitini na nne na nusu."

Alishuka taratibu, akaniomba nimpe koti.