Kamati ya Manowari

Wakenya wa Minnesota hatuoni jambo tukaliacha bila kamati. Mtu akijifungua, kamati. Akifiwa, kamati. Kwa hiyo kosa lilikuwa langu mimi niliyesimama kanisani, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, nikaomba maombi kwa ajili ya kazi ya shule ya binti yangu.

Tulikuwa tumehamia mji wa Crystal juzi juzi tu, na darasa lake jipya lilikuwa halijasikia sauti yake. Jumatatu angesimama mbele yao asimulie maisha ya manowari moja kuukuu: ilivyoundwa ikiwa na matanga, ikapigana kidogo, ikapitwa na wakati, kisha ikatiwa injini ya mvuke. Alihitaji mfano wa meli hiyo wa kuonyesha, na alikuwa hawazi jingine.

Jumamosi wakaja akina mama sita, wote wauguzi, wakiongozwa na mwenyekiti, yule aliyetupokea tulipofika nchi hii akanivika koti lake mwenyewe. Kulikuwa na katibu, naibu katibu na ajenda. Kufika saa nane mchana meli ilikuwa imesimama sebuleni: maboksi matupu ya glavu yakiwa mwili, miiko yangu mitatu ya ugali ikiwa milingoti, leso zikiwa matanga. Ilipendeza, sikatai. Mwenyekiti akaiombea robo saa nzima, akaishukuru kamati, akafunga mkutano.

Hapo binti yangu akaninong'oneza kwamba sasa lazima ikatwe katikati. Ndivyo walivyoifanya ile ya kweli: waliipasua, wakairefusha, ndipo injini ikapata pa kukaa. Nikawaeleza wenzangu kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Ikatwe?" mwenyekiti akauliza. "Na tumeshaiombea, tukai-dedicate?"

"Haiwezekani," katibu akasema. "Kwa minutes za mkutano nimeandika imekamilika."

Mabishano yakawaka. Mmoja akauliza, kwani mtu akibatizwa hafanyiwi upasuaji? Chai ikapoa. Mimi nikapiga hesabu kwa woga: nimuudhi mwenyekiti aliyenivika koti, au mwanangu aende shule na nusu ya hadithi?

Binti yangu akasimama. Mtoto niliyemsemesha Kiswahili miaka yote akinijibu Kiingereza, akakunja mikono mbele, akakohoa kidogo.

"Mama Mwenyekiti, naomba nafasi. Naleta hoja meli ikatwe. Bado iko na kazi ya kufanya. Nani ataunga mkono?"

Kumbe mikutano yote ile ya kamati, akiwa ameinamia simu pale kwenye kona, alikuwa anatusikiliza!

Mikono yote ikapanda. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akamkabidhi mkasi.

"Kata, mwanangu. Na hao wa darasani Jumatatu uwaongeleshe hivyo hivyo."

Wauguzi wakavaa glavu, wakaizunguka meli. Mimi nikakimbilia jikoni, eti kupasha chai, nikalia kwa furaha mpaka kamasi, huku nikimsikia sebuleni akiamuru:

"Auntie, shika vizuri. Usitetemeke."