Fimbo ya Mama Kaloki

Kwa miaka tisa Syokau, mama yake Kaloki, alimtumikia Mungu kwa fimbo. Kazi yake katika kanisa moja la mabati pale Kitengela ilikuwa kudunga mbavu za wanaosinzia. Wateja wake wakubwa walikuwa wazee wa kanisa: mahubiri yakianza tu, wanakoroma kama trekta.

Mwaka wa 2003 vijana wakaomba ibada yao wenyewe, saa moja asubuhi.

"Ibada gani?" Syokau akafyonza. "Hao wanatafutana tu!"

Jumapili ya kwanza akabeba fimbo, akaenda kuwakomesha. Alikuta benchi zimejaa pomoni. Dolphine, msichana anayefunga maua ya kuuza kwenye shamba kule Isinya wiki nzima, ndiye alikuwa akihubiri, na hakuna aliyepiga hata mwayo. Syokau akaketi nyuma kungoja wa kwanza asinzie.

Wa kwanza akawa yeye.

Alishtuliwa na kitu kinachomdunga mbavu. Ilikuwa fimbo yake mwenyewe, mkononi mwa Dolphine.

"Amka, Mama Kaloki. Tunaombea wazee wa kanisa."

Syokau akapangusa mate kidevuni.

"Hiyo fimbo kaa nayo," akasema. "Na muombe kwa nguvu. Wale wamelala."