Ufa Haukuwa kwa Menyu

Mume wangu Nasrudin si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua pa kuanzia, maana mimi na watu wabaya tunaelewana haraka. Shida yake ni upole. Mtu akimwomba kitu kwa sauti ya chini, tena amwite boss, basi amekwisha. Kwa huo upole wake, leo dada yangu mdogo Najwa analala na mtoto mchanga juu ya shimo ambalo mwisho wake haujulikani, na mimi niko hapa mtaani Bondeni nasikiliza mvua.

Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Anachorea hapa nyumbani, meza ya kona karibu na dirisha, mgongo umempinda na miwani imeteremka puani. Nikimpa chai inapoa hapo hapo hadi inafanya utando. Majirani wengine wanadhani anacheza gemu. Mamangu, Mungu amrehemu, alikufa akiamini nimeolewa na mtu wa kupiga picha za pasipoti, na Nasrudin hakuwahi kumsahihisha.

Sasa, hiyo programu ya kuchorea ina menyu kando ya skrini, na ndani ya menyu kuna alama: mlango, dirisha, kitanda, sinki. Huchori kitanda. Unakichagua kwa menyu, unakibandika chumbani, kwisha. Lakini programu ilikuja na vitu vya huko ilikotoka. Kulikuwa na mahali pa kuotea moto sebuleni, banda la magari mawili, miti ya nchi za baridi, na beseni fulani la kuogea ambalo hadi leo sijui mtu anaingia kwa upande gani. Nasrudin alipopata kazi ya mtu wa mtaa wa Rhonda, nyumba ya vyumba viwili na choo cha shimo nyuma, alitafuta choo cha shimo kwa menyu akakikosa, akakichora mwenyewe mstari kwa mstari. Kesho yake mtu mwingine, choo kingine, mistari ile ile.

Akachoka. Ramadhani moja, kazi zikiwa chache, alikaa akaibomoa hiyo menyu yote akaijenga upya. Akaweka tangi la maji juu ya mnara wake, jiko la kuni lenye bomba la moshi, banda la kuku, kamba ya kuanikia nguo, mpapai, geti la mabati. Kila alama akaipa jina la Kiswahili. Aliniita akaniuliza meza ya jikoni ikae wapi ndio mwanamke asizunguke na sufuria moto. Nikamwambia chini ya dirisha, mkono wa kushoto wa jiko, akaiweka vile vile. Hapo nilimpenda upya, siwezi kuficha.

Vijana wanaochora ramani mjini walipoiona hiyo menyu waliililia, na yeye, kwa vile ni yeye, akawapa bure. Kila akiibadilisha alikuwa akiwatumia mpya kwa WhatsApp, wanaiweka juu ya ile ya zamani. Ilikuwa rahisi mno. Unaanza juu ya orodha, unachukua unachohitaji, ukifika chini nyumba imekamilika. Wengine wakawa hawafikirii tena kitu ambacho hakimo. Hiyo naisema sasa. Wakati ule niliona ni baraka.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ya Aprili ilikataa kuisha. Kiprugut, mwanamume anayenunua mashamba makubwa na kuyakata ploti, alimchukua Nasrudin kwenda kumpimia shamba moja kule chini ya Mai Mahiu. Alirudi na tope la udongo wa majivu limekauka hadi kwa nyusi, hataki chakula. Akaniambia ardhi imepasuka. Ufa umekata shamba kutoka upande wa mlima mpaka barabarani, mahali pengine mtu anaruka, mahali pengine haruki. Alikuwa ameinama ukingoni akatupa jiwe, akangoja kulisikia likifika chini. Halikufika.

Wiki hiyo alitengeneza alama mpya. Mstari mwekundu uliopinda-pinda, na kila upande wake ukanda mpana wenye michirizi, mahali pasipofaa kujengwa hata choo. Ukibandika nyumba juu yake, michirizi inatokea ndani ya vyumba vyote, hutaacha kuona hata ukiwa na usingizi. Akaipa jina Ufa, akaiweka juu kabisa ya menyu, juu ya milango, juu ya msingi. Aliniambia mchoraji aiulize ardhi kwanza kabla ya kumuuliza mwenye nyumba anataka vyumba vingapi. Katika kazi zake zote hiyo ndiyo iliyokuwa nzuri zaidi, na nilimwambia.

Kiprugut akaja hapa nyumbani mvua ilipokatika. Yule mtu ana adabu, hilo siwezi kumnyima. Alivua viatu mlangoni, akauliza habari za watoto, akanywa chai yangu akaisifu tangawizi. Halafu akasema, polepole, kwamba mstari mwekundu unatisha watu. Wateja wakifunguliwa kompyuta wanaona huo kwanza kabla hawajaona jiko. Na kwani shida iko wapi, yeye ameshaleta trekta na malori ya mawe na udongo, ufa umejazwa, umeshindiliwa, na nyasi zimeota.

“Sisemi uitoe, boss,” akasema. “Ishushe tu kidogo.”

Watu wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiprugut aliuziba, kisha akataka kujenga ukuta juu yake.

Nasrudin akaishusha. Kwanza chini ya madirisha. Kiprugut alipopiga simu tena, akaishusha hadi kwa mambo ya maji machafu. Mara ya tatu akaitia ndani ya kisanduku kilichoandikwa Mengineyo, pamoja na kibanda cha mbwa na mlingoti wa bendera. Bandubandu humaliza gogo. Nilimkemea, walahi nilimkemea. Akasema si bado ipo, mwenye kuitafuta ataipata. Nikamuuliza nani atatafuta kitu asichojua kama kipo. Akapangusa miwani na ncha ya shati, na mimi nikaondoka kabla sijasema neno la kujutia.

Alipowatumia wale vijana menyu iliyofuata, faili ilikuwa nzito, haikupita. Akatoa kisanduku cha Mengineyo ili iwe nyepesi, akisema atakituma baadaye. Hakuna aliyekiulizia. Nani huulizia kibanda cha mbwa? Hata yeye akasahau.

Sasa nije kwa Najwa. Mumewe Nasir ni dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Malaba, na tangu waoane wamekuwa wakihama kutoka nyumba ya kupanga hadi nyingine, mara Naivasha, mara Gilgil, mara Naivasha tena. Nasir ni mtu wa kupenda kushtua watu kwa zawadi. Alinunua ploti akajenga kimya kimya, hakumwambia hata mkewe mpaka mabati yalipopanda. Najwa alinipigia akilia kwa furaha. Wamehamia nyumba yao wenyewe, chini ya Mai Mahiu, ploti za Kiprugut, twende Jumamosi tukaombe dua.

Nilimgeukia Nasrudin nimpe habari, na sikuhitaji kuirudia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akasema shamba ni kubwa, labda wako upande ule mwingine. Akaenda kuswali, akakaa juu ya mkeka muda mrefu baada ya swala, na niliposimama mlangoni kumtazama nilishikwa na hofu ambayo haijanitoka.

Jumamosi tuliazima gari la jirani. Tuliteremka kuelekea Mai Mahiu. Kila tukipita nyumba alikuwa anaangalia mlima, halafu nguzo za stima, halafu mlima tena, na nilijua anapima.

Nyumba yenyewe ni nzuri jameni. Najwa alitupokea na mtoto mgongoni, na Safiyo, bintiye wa kwanza, anatuvuta mikono tuone chumba chake. Nikapelekwa jikoni. Meza ilikuwa chini ya dirisha, mkono wa kushoto wa jiko.

Tulipoketi kwa chai, Najwa akaanza kuisifu ploti yake. Kule Naivasha alikuwa anaoga matope kila msimu, lakini hapa ni tofauti kabisa. “Hapa maji hayatuami, dada. Mvua ya juzi ilimwagika kama ndoo, na asubuhi uwanja mkavu. Hata maji ya kufulia nikiyamwaga pale nyuma yanamezwa tu.”

Nasrudin akaweka kikombe chini. Akamwomba shemeji yake amletee ramani ya nyumba.

Ilikuwa ndani ya plastiki, imepigwa mihuri. Ilichorwa na Chelangat, msichana mmoja wa pale mjini, mmoja wa wale waliopewa menyu. Nasrudin akaitandaza juu ya magoti. Kulikuwa na tangi lake, na mpapai wake, na kamba yake ya nguo, na geti lake la mabati, yote mahali pake, safi. Akapitisha kidole kutoka kona hadi kona. Kisha akampigia Chelangat simu hapo hapo, sauti ikisikika na sisi wote, akamuuliza kwa nini hakuonyesha ufa. Msichana hakuwa na wasiwasi, alikuwa tu anajaribu kuelewa.

“Mwalimu, hakukuwa na ufa kwa menyu,” akasema. “Ungekuwepo ningeuweka.”

Nasrudin akakata simu. Akamwomba Safiyo chaki yake ya kuchezea, akatoka nyuma ya nyumba, akasimama akalinganisha mlima na nguzo ya stima. Akarudi ndani ameinama, anachora sakafuni. Mstari ukaingia kwa mlango wa jikoni, ukakata sebule, ukapita katikati ya miguu ya meza yenye vikombe vyetu, ukaingia chumba cha watoto, ukapotelea chini ya kitanda. Safiyo alidhani ni mchezo. Alikuwa anauruka huku na huku kwa mguu mmoja.

Ndipo Nasrudin akamweleza Najwa yote, jiwe na alama na kisanduku, bila kujitetea. Sijawahi kumwona mtu akijivua nguo namna ile mbele ya shemeji yake. Najwa alimsikiliza huku akimpigapiga mtoto mgongoni. Hakumtukana. Ningefurahi kama angemtukana.

“Upande gani ni mzuri?” akauliza.

“Hakuna upande,” Nasrudin akasema. “Ule ukanda ni mpana kuliko nyumba.”

Najwa akaenda chumbani, akakisukuma kitanda cha Safiyo hadi upande wa pili wa chaki.

Hapo mimi nikalipuka. Nilimwambia afungashe nguo saa hiyo hiyo, watoto waingie garini, vyombo vitafuata, na kama havitafuata vikae. Akampigia Nasir, ambaye lori lake lilikuwa kwenye foleni ya Malaba. Nasir alicheka kwanza. Alipoona hatucheki akaudhika. Ramani ina mihuri ya wakubwa, Kiprugut mwenyewe amemhakikishia, kuna watu wamekaa pale misimu na misimu. Akamwagiza mkewe asitoke mpaka afike, kwa sababu nyumba tupu kule haimalizi wiki, utakuta wameng'oa hata fremu za milango. Nasrudin alichukua simu akamsihi kama mtoto. Nasir akamwambia angekuwa na uchungu hivyo angesema mapema.

Nikadhani Najwa atanisikiliza mimi. Nimemlea yule. Akanitazama na macho makavu.

“Nimehama maisha yangu yote, dada,” akasema. “Siwezi kuhama tena kwa sababu ya chaki.”

Tulibishana mpaka wingu likashuka mlimani na matone ya kwanza yakagonga mabati. Akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa nguo za Safiyo zimekunjwa vizuri, na viatu vyake vya shule juu. Akaniwekea mkononi. Nilipofungua mikono nimpokee na yule mdogo, akarudi nyuma hatua moja.

“Mchukue Safiyo. Huyu bado ananyonya.”

Basi alijua. Nataka mtu aniambie kwamba hakujua.

Tangu siku hiyo Kiprugut hapokei simu. Nasrudin ameenda kwake mara mbili, geti limefungwa. Amepeleka habari kwa chifu na kwa ofisi za kaunti, anaambiwa suala litaangaliwa. Wale vijana wote amewatumia menyu nyingine, Ufa uko juu, wamemjibu kwa vidole gumba. Nyumba ya Najwa haisogei kwa menyu. Nasir bado yuko foleni, na mvua imenyesha karibu kila siku. Safiyo analala kwangu, na akisikia radi anauliza kama mamake yuko upande wa kitanda chake.

Asubuhi hii Najwa amepiga simu kumsalimia mtoto. Sauti yake nzuri tu. Ati kila kitu kiko sawa, mdogo ameota jino, ila mlango wa jikoni umeanza kukwama chini, lazima ausukume kwa bega. Nasir akirudi ataupiga randa. Nilimwambia Najwa, mlango mpya haukwami mpaka ukuta usogee, toka, toka sasa hivi na mtoto, simama hata barabarani. Akasema wacha amalize kumnyonyesha.

Nasrudin alikuwa amesimama nyuma yangu amesikia. Sasa anazunguka nyumba nzima anatafuta viatu vyake aende kuwatoa, kumbe amevivaa.