Wanamieleka Wawili wa Makongeni

Mtu asiniambie wanasesere wa mieleka ni plastiki tu, wote sawa. Nimejaza rafu nzima nyumbani kwangu Ruiru na ninawajua hata nikifumba macho. Wa kampuni kubwa ni mzito, goti ukilikunja linakaa hapo ulipoliacha, na mishipa ya shingo imechongwa. Wa ile kampuni nyingine ana sura nzuri, lakini baada ya miezi michache viungo vinalegea. Halafu kuna wa feki: mwepesi, tumbo tupu, rangi ya macho imeteremka hadi mashavuni.

Tukiwa watoto Makongeni, mimi na ndugu yangu mdogo tulikuwa na mmoja mmoja. Wake alikuwa yule mzuri, mama alimfukua kwenye rundo la mitumba. Wangu alikuwa feki, na wivu ulinikaba. Siku moja tuliwachemsha kwa sufuria ya chai ili vichwa vilainike tubadilishane. Cha wangu kilitoka upesi. Cha wake kilikataa kabisa, na mama akatuchapa sote kwa sababu chai ilinuka plastiki wiki nzima.

Ndugu yangu alikufa kwa nimonia akiwa na miaka saba. Kanisa letu halikutaka vitu kwenye jeneza, lakini asubuhi ya mazishi mama alininong'oneza, "Chukua mwanamieleka wake umweke chini ya blanketi. Pasta asione." Nilimweka wa feki. Haki, sikusita hata kidogo. Yule mzuri nilimficha ndani ya soksi.

Kisha mama akaanza kuota. Alinisimulia asubuhi tukinywa chai: mtoto amekuja tena, anapekua chini ya viti, anafungua kabati, kuna kitu anatafuta. Kina mama wa kanisa walikuja kumwombea, akafunga kula, na baada ya muda hakuzitaja tena zile ndoto. Mimi nilijua kinachotafutwa na nikanyamaza. Nilinyamaza hadi nikawa mtu mzima, nikinunua huyu na yule, nikiwapima wote na yule wa soksi. Hakuna aliyemshinda. Goti lake halijawahi kulegea, na siku hizi naogopa kumshika.

Juzi mama alinitembelea. Nilishindwa kuendelea kubeba siri hiyo, nikamtoa yule wa soksi, nikamwekea mapajani na kumwambia yote. Nilikuwa tayari anitukane, anilaani, chochote.

Alimgeuzageuza muda mrefu bila kuniangalia.

"Zile ndoto, pasta aliniambia si yeye," akasema. "Aliniambia ni shetani amevaa sura ya mtoto wangu. Kila akija nilikuwa namkemea, namwambia atoke kwangu. Alikuwa analia, na mimi namfukuza tu, mpaka akaacha kuja."