Mikono mgongoni: Siku saba za Mama Mikebe na bintiye

Saa tano kasoro robo asubuhi, wakati watoto wengi wa mtaa huu wako darasani, Mama Mikebe anasimamisha cherehani yake, anasukuma kando rundo la sketi za bluu, na kumwita bintiye mezani.

Binti ana miaka saba na miezi tisa. Jina lake la nyumbani ni Chiriku, kwa kuwa alipoanza kusema hakujua kunyamaza. Leo amesimama wima, mikono yote miwili nyuma. Mdogo wake wa miaka minne, Kitinda, amejificha chini ya meza ya kukatia na anapanga vigurudumu vitupu vya uzi.

Mama anainua ukurasa uliochanwa kwenye kalenda ya zamani. Una picha ya limau.

"Hii nini?"

Chiriku anaitazama picha. Bega lake la kulia linacheza.

"Mikono wapi, mama?"

"Mgongoni."

"Haya. Hii nini?"

"Limau," anasema mtoto, kwa sauti ndogo sana.

Mama anashusha pumzi na kuchukua ukurasa mwingine. Hii ni siku ya nne ya mazoezi. Zimebaki tatu kabla ya Jumatatu, siku ambayo shule itampima Chiriku kwa mara ya mwisho na kuamua kama anaweza kuingia darasa la pili pamoja na wenzake. Mara ya kwanza alikosa maswali yote kumi na mawili.

"Aliyefeli si yeye," anasema Mama Mikebe. "Aliyefeli ni mimi niliyemfundisha."

Yeye ni fundi wa nguo, na kazi yake kubwa ni sare za shule. Karibu nusu ya watoto wanaopita mlangoni pake kila asubuhi wamevaa mshono wake. Wake mwenyewe hawapiti. Kwa miaka miwili na nusu wamesoma humu humu, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande huu cherehani na upande ule vitanda.

Jina la Mama Mikebe amepewa na jirani yake, muuza mkaa, kwa ajili ya makopo arobaini na matatu yaliyopangwa ukutani kuanzia sakafuni hadi dirishani. Ni makopo ya rangi na ya maziwa yaliyooshwa. Kila kopo ni wiki moja ya masomo. Kuna wiki ya vifungo, wiki ya mbegu, wiki ya vitu vinavyoelea na vinavyozama, wiki ya kufuli na funguo, wiki ya vivuli, ambayo kopo lake lina kipande cha chaki tu, maana kivuli hakifungiki.

"Nikipita hapa namuuliza, Mama Mikebe, leo wanao wanasoma malimau au wanayanywa?" anasema muuza mkaa huku akicheka. "Ananijibu, kwanza wanayapima, halafu wanayahesabu, halafu ndiyo wanayanywa. Sijaona shule ya namna hiyo. Na mimi ningesoma."

Haikuanza kama mchezo. Chiriku alipokuwa na miaka mitano alianza shule na akadumu wiki sita. Ana kifafa, na siku hizo kilikuwa kinamwangusha hata mara nne kwa wiki. Alianguka darasani, akaanguka uwanjani, na siku moja akaanguka kwenye foleni ya maji. Shule ikamrudisha kwa mama yake na maelezo mafupi: akae nyumbani hadi apone.

Baba yao ni utingo wa malori, huonekana nyumbani siku tano kwa mwezi. Kwa hiyo aliyebaki na swali ni mama, aliyeishia darasa la saba.

"Nilikaa nikajiuliza, huyu nitamfundisha saa ngapi? Akianguka asubuhi, analala mpaka alasiri. Nikaona basi, ratiba itamfuata yeye. Akiamka saa tisa, shule inafunguliwa saa tisa. Akiamka na akili yake Jumapili, tunasoma Jumapili. Siku nyingine nilishona mpaka mchana bila somo, siku nyingine cherehani ndiyo iliyongoja."

Kitu kimoja alikigundua mwenyewe, na ndicho kilichokuja kumponza. Kila baada ya kifafa, Chiriku alipoteza maneno. Aliangalia kijiko asijue kinaitwaje. Lakini akikishika, akakipapasa, neno lilirudi.

"Ulimi ulikuwa unasahau, vidole vinakumbuka," anasema. "Nikaweka sheria humu ndani: shika kwanza, sema baadaye. Usiniambie kitu hujakigusa. Hata herufi nilizikata kwenye msasa wa seremala, wakazisoma kwa kidole. Kitinda naye akaingia humo humo."

Sheria ile ilifanya kazi kuliko alivyotegemea. Chiriku alijua kuhesabu vifungo hadi mia mbili. Alijua kutenga vya matundu mawili na vya matundu manne akiwa amefumba macho. Aliweza kuandika jina lake kwa uzi juu ya gunia. Dawa nazo zikamkubali. Kwa mwezi zinakula malipo ya sare nne, lakini amemaliza miezi minane bila kuanguka.

Mwezi uliopita mama akashona sketi moja ya bluu isiyo ya mteja. Akaitundika nyuma ya mlango pamoja na shati lake jeupe, na Chiriku akawa anaigusa upindo kila anapopita.

Jumatatu iliyopita wakaenda kupimwa. Mwalimu wa usajili, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akaweka mezani kadi kumi na mbili: picha nane na herufi nne. Akanyanyua ya kwanza, picha ya kijiko, akauliza hii ni nini.

Chiriku akafanya alichofundishwa. Akaichukua, akaipapasa mbele na nyuma, akakunja kona yake kidogo.

"Karatasi," akasema.

Picha ya kufuli: karatasi. Picha ya limau: karatasi. Herufi M aliipitishia kidole, akaikuta haina msasa, akasema karatasi. Kadi kumi na moja, jibu moja. Ya kumi na mbili ilikuwa imefunikwa kwa plastiki isichafuke, na hapo mtoto akafurahi, akapandisha sauti: "Plastiki."

Mama Mikebe anaisimulia kadi hiyo ya mwisho mpaka anacheka, kisha kicheko kinamkatikia na anajifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

"Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimeambiwa nisiseme. Kila akijibu, naona mwalimu anaweka mkasi, alama ya kukosa. Na mtoto anaamini anapata. Alikuwa anageuka kuniangalia, anatabasamu. Jamani, hakukosea hata moja."

Kwenye fomu iliandikwa: hatambui vitu vya kawaida.

Mama alieleza, mwalimu akasikiliza, na akakubali kumpima tena baada ya wiki moja. Mama akarudi nyumbani na uamuzi wake. Makopo yote arobaini na matatu akayafunika kwa shuka. Kuanzia alasiri ile, wiki ya somo ilikuwa wiki ya picha, na sheria ikageuzwa: mikono mgongoni, mkono ukitoka umekosa.

Siku ya kwanza aliifanya kama gwaride. Kitinda akawa kamanda. Siku ya pili Chiriku alisahau mara thelathini. Mama alihesabu. Siku ya tatu ndiyo hataki kuisema, na anaisema hata hivyo.

"Nilimfunga. Kwa futikamba hii ninayopimia watu." Anaigusa ilipo shingoni mwake. "Si kwa nguvu, ilikuwa inateleza yenyewe. Lakini nilimfunga mwanangu mikono ili asome. Toka jana hajanisemesha mpaka nimsemeshe."

Mwandishi alimuuliza kama haogopi.

"Naogopa sana. Lakini shule ni karatasi, ndugu yangu. Vitabu karatasi, mtihani karatasi, cheti karatasi. Nitamwambia nani kwamba mwanangu anasoma kwa vidole?"

Jumatatu, saa tatu na nusu, mwandishi alikuwepo mlangoni mwa ofisi ya usajili. Chiriku alikuja amevaa gauni lake la kawaida. Sketi ya bluu mama aliikunja ndani ya mkoba, kwa ajili ya baadaye.

Mezani hapakuwa na kadi hata moja. Mwalimu alikuwa ametoka na vitu nyumbani kwake: vijiko saba, kufuli na ufunguo wake, malimau matatu, bakuli la vifungo.

"Mama alinieleza mnavyosoma, nikaenda nikafikiri," akamwambia mtoto. "Leo tusome kama mnavyosoma kwenu. Shika chochote unachotaka."

Mama Mikebe alishika fremu ya mlango. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mtihani umebadilika.

Chiriku aliangalia vijiko. Mikono yake ikaenda nyuma, kidole kikakamata kidole.

"Vijiko vingapi?"

Mtoto aliyehesabu vifungo mia mbili kwa kuvisogeza kimoja kimoja akajaribu kuhesabu kwa macho. Midomo ilitembea. "Vitano," akasema.

"Vishike uvihesabu, mwanangu."

Hakushika. Mwalimu akamsogezea kufuli, akasema fungua. Hakufungua. Akamwekea limau karibu kabisa na kifua. Chiriku aligeuka akamtafuta mama yake.

"Shika, mama," Mama Mikebe akasema kutoka mlangoni. "Shika tu."

"Si umesema mkono ukitoka nimekosa?"

Mwalimu alimtazama mama, na kutazamwa huko ndiko Mama Mikebe anasema hatakusahau. Mtoto alijaribiwa kwa dakika nyingine ishirini. Alijibu maswali mawili, yote kwa kunong'ona.

Uamuzi ulitoka hapo hapo. Chiriku ataanza chekechea, darasa la watoto wa miaka minne, na atatazamwa tena baada ya mwaka. Kitinda amepokelewa darasa hilo hilo. Dada na mdogo wake watakaa benchi moja.

"Mtu asinione katili," alisema mwalimu baadaye, akirudisha vijiko kwenye mfuko. "Darasa la pili nina watoto tisini na mmoja. Mtoto asiyethubutu kunyoosha mkono nitampoteza wiki ya kwanza. Na huyu wiki iliyopita alikuwa anathubutu. Alikuwa anajibu kwa raha kabisa. Ningejua nilichokuwa nauliza, ningempokea siku ile."

Maneno hayo yalimfikia Mama Mikebe. Anayarudia akiwa ameinama juu ya cherehani, siku mbili baadaye.

"Niliruka majivu nikakanyaga moto. Ningekaa na makopo yangu bila kufanya lolote, angekuwa darasa la pili. Wiki moja tu, na miaka miwili na nusu nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Baba yake kapiga simu kuuliza mtoto kapata? Nikamwambia mtandao unasumbua."

Shuka bado limefunika makopo. Juzi alilifunua upande mmoja, akafungua kopo la vifungo na kulimimina mezani lote. Kitinda alivamia. Chiriku alisimama pembeni, mikono nyuma, akasubiri kuulizwa.

Sketi ya bluu imeuzwa kwa mteja aliyekuja mbio mbio. Sasa anashona magauni mawili ya kijani ya mirabaraba, sare ya chekechea. La Kitinda alilimaliza kwa saa moja. La Chiriku limemchukua siku nzima, kwa kuwa kiolezo cha chekechea kinaishia miaka sita. Katika miaka kumi na minne ya kushona sare hakuwahi kuhitaji kikubwa zaidi. Ilibidi aunganishe magazeti na kuchora kipya.

Akimaliza upindo, anamwita bintiye na kumvisha. Gauni linamkaa vizuri, na hilo ndilo linalouma, maana aliyelivaa ni msichana mkubwa.

Sare ya chekechea haina mifuko. Hii ina miwili, imefichwa kwenye mishono ya ubavuni, mirefu kiasi kwamba mkono unazama hadi kwenye kiwiko. Mwalimu akiiona, Mama Mikebe anasema, amfukuze yeye.

"Mpango wangu ndio huo," anasema. "Kila asubuhi nitatia kitu kimoja mfukoni. Leo kifungo, kesho ufunguo, kesho kutwa mbegu. Makopo arobaini na matatu, siku za shule ziko ngapi kwa mwaka? Sitamfundisha tena kitu. Nataka arudi pale nilipomkuta tu. Akirudi pale, mwakani atajibu."

Anapiga magoti mbele ya mtoto na kulainisha kola.

"Mfukoni mna kitu, mama. Tia mkono uniambie ni nini."

Chiriku anaangalia mfuko. Anamwangalia mama yake usoni, kwa muda mrefu, akitafuta jibu linalotakiwa. Kisha mikono yake yote miwili inakwenda nyuma.

"Sijui," anasema.

Mama Mikebe anaitika kwa kichwa. Anamvua gauni, analikunja bila kukitoa kifungo, na kuliweka juu ya la Kitinda. Wataanza shule Jumatatu.