Mhesabu Mawingu na Matofali ya Dada Yake

Mtazame anavyoingia uani kwa dada yake: mtu mzima, shati la kazini limechomekwa vizuri, lakini hatua zake ni za aliyeitwa na mkuu. Watu humwita Bwana Mawingu. Kila saa, kwenye kituo cha hali ya hewa, hutoka nje, huinua uso, huigawa mbingu vipande vinane, kisha huandika daftarini ni vingapi vimefunikwa na mawingu. Kazi ya kutazama juu tu, utasema, lakini ina heshima yake.

Leo asubuhi chai ilikuwa ya moto na kiti kilikuwa kitamu. Ilipofika saa tatu hakutoka. Alinakili ya saa mbili: vipande viwili. Papo hapo simu ikalia.

"Mdogo wangu, nivue turubai matofali yapate jua? Nakwenda kuchimba udongo, hadi mchana sirudi."

Akalisoma daftari kana kwamba ni dirisha. "Viwili tu, dada. Vua."

Sasa matofali mabichi mia sita, jasho la wiki nzima, yametandazwa na mvua uani kama uji uliomwagika. Wafyatuaji wenzake dada wameegemea ukuta.

"Karibu mtaalamu! Na haya tuhesabie basi, ni vipande vingapi?"

"Mwacheni!" Dada akapiga koleo chini. "Nyie Agano la Kale hamlisomi? Yule mwenye majipu, aliyekaa majivuni, Mungu alimwuliza: nani ana akili ya kuyahesabu mawingu? Aliulizwa kama anajua yanavyoning'inia yasianguke. Akakosa jibu. Sembuse huyu wangu! Ile ni hekima ya Mungu mwenyewe."

Wakajitoa ukutani. Mmoja akasema, "Kweli, mama," na wote wakaondoka kwenda kuleta makoleo yao wamsaidie.

Bwana Mawingu alitamani ardhi ipasuke. Heri angetukanwa.

"Na kesho kwenye ibada utasimama," dada akaendelea kwa upole, "useme jinsi Mungu alivyokuzidi maarifa."

"Dada." Akamsogelea. "Sikutazama."

"Hukutazama nini?"

"Juu. Nilikuwa nakunywa chai. Nilipotoka saa nne nikayaona, yametanda nyuma ya kituo, meusi tii. Mungu hakuficha kitu."

"Saa nne? Mvua imenyesha saa sita! Simu yangu si ilikuwa mfukoni?"

"Niliishika yangu, dada. Nikaona aibu kukupigia."

Dada akalitazama tope, kisha akamtazama yeye.

"Yaani nimemsingizia Mungu," akasema taratibu, "mbele za watu, kwa ajili ya kikombe chako cha chai?"

Nje ya ukuta wale wenzake walikuwa wanarudi, makoleo mabegani, bado wakisimuliana kwa unyenyekevu habari za hekima ya Mungu.

Haya, wewe unayesoma: kati ya hawa wawili, nani aende kuwapokea mlangoni, na aanze na neno gani?