Betri za Lori la Harusi

Mtaani Barani, mjini Malindi, aliyetaka kuchaji betri ya gari alikwenda kwa Awadh, lakini kwa miaka mingi aliyeishika betri hiyo alikuwa mkewe, Mastura. Awadh mwenyewe alikaa barazani na miwani nyeusi. Betri ya teksi ilimpasukia usoni, asidi ikamharibu jicho moja, na la pili likafifia polepole baadaye. Mastura alianza kwa kumsomea mita. Kisha akawa anamshikia waya. Mwisho yeye ndiye aliyekuwa fundi, na mumewe akabaki wa kuulizwa.

Tangu siku ile ya asidi Mastura hakuiunga betri yoyote kabla ya kujiuliza itafanya nini ikizidiwa. Kazi zake zilichelewa kwa sababu hiyo, na wateja walinung'unika, lakini walirudi.

Agosti ya mwaka 1986, Saad alimletea lori la mchezo. Saad alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya ufukweni, na lori alipewa na mgeni Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa na urefu wa mkono mmoja, lina matairi mapana na bodi ya kubebea mizigo, na liliendeshwa kwa redio kutoka mbali. Betri yake ilikuwa imekufa.

"Shikamoo, Bi Mastura."

"Marahaba. Hili nalo limekula mchanga wa pwani nzima."

"Nataka lipate betri yenye nguvu. Kubwa kuliko zote."

"Nguvu ya kwenda muda mrefu, au nguvu ya kuvuta?"

"Si mamoja?"

Awadh alicheka kule barazani. "Umemchokoza. Hutoki hapa mpaka magharibi."

Saad alieleza. Ndugu yake, Msellem, wa Mambrui, alikuwa anamuoa Shekha, binti wa kaka yake Mastura. Siku ya kupamba, bibi harusi huketishwa kwenye jukwaa, wanawake peke yao wakamtazama na kumshangilia, na hakuna mwanamume anayevuka pazia la mlango. Saad alitaka dhahabu na nguo za bibi harusi ziingie juu ya lori, lijiendee mpaka miguuni pake, yeye akiwa nje ya pazia na kile kisanduku cha kuliendeshea.

"Na chetezo tukiweke juu, udi ukifuka," alisema.

"Weka na jiko, Saad. Na sufuria ya biriani."

Saad alikuwa na betri za taa za dharura za hoteli, nzito, zinazowaka usiku kucha umeme ukikatika. Aliona zinatosha na kubaki. Mastura hakukubali. Alimwambia betri ni kama mtungi: upo mtungi mkubwa wenye shingo nyembamba, maji ni mengi lakini hutoka kidogo kidogo. Betri za taa ni hivyo. Ukizilazimisha kutoa kwa haraka zinapata moto ndani, na betri iliyofungwa ikipata moto ndani hupasuka.

Alifunga mita kwenye lori akaliendesha uani. Kwenye saruji sindano ilipanda kidogo. Kwenye mkeka ilipanda maradufu. Kisha akayashika magurudumu ya nyuma yasizunguke, na sindano ikaruka hadi mwisho wa mita. Akaachia mara moja.

"Umeona? Likitembea halina neno. Likikwama ndipo linapokunywa. Betri tunaichagua kwa pale linapokwama."

Betri za namna hiyo zilipatikana katika keekee ya umeme isiyo na waya, ile mashine ya kutobolea mbao, iliyovunjika na kutupwa kwenye karakana ya hoteli. Tsuma, fundi wa pale, alimpa Saad bila kinyongo. Zilikuwa ndogo kuliko zile za taa, lakini zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Mastura alizijaribu moja moja, mbili akazikataa, sita nzima akaziunga pamoja.

Hapo likazuka jambo jingine, na ndilo lililomnyima usingizi. Betri inayoweza kutoa umeme mwingi itautoa hata pasipotakiwa. Lori likikwama, betri hizi hazitazidiwa mapema kama zile za taa. Waya nyembamba za ndani ya lori ndizo zitakazoungua kwanza. Na lori litakuwa kwenye zulia, mbele ya mwana wa kaka yake aliyevikwa shela jepesi kama moshi. Akafunga fyuzi ya ampea kumi na tano karibu kabisa na betri. Lori likikwama, fyuzi itakatika, umeme utasimama.

Saad aliitazama fyuzi hiyo kwa wasiwasi. "Ikikatika mbele ya wanawake?"

"Lori litasimama."

"Watamwimba mama yangu kwa kejeli mpaka Idi. Watu wa Mambrui wameleta gari bovu."

"Waimbe. Wimbo hauunguzi mtu. Fyuzi hii ukiitoa, na betri zangu zitoe."

"Sitaitoa, Bi Mastura."

Mastura alimpa na fyuzi mbili za akiba.

Siku ya kupamba, baada ya alasiri, chumba kilijaa hadi madirishani. Mastura alikaa ubavuni mwa jukwaa. Shekha alikuwa juu, ameinamisha kichwa, shela limemfunika uso na kushuka mpaka kwenye zulia. Bi Mishi, mama wa bwana harusi na wa Saad, alikaa mbele akiangalia mlango.

Pazia lilitikisika, lori likaingia. Vigelegele vilipigwa hata dari ikajibu. Lilibeba sinia yenye vikuku, mkufu na nguo zilizokunjwa. Lilipita saruji ya mlangoni vizuri. Lilipofika kwenye zulia likapunguza mwendo, nalo zulia lilikuwa nene kuliko mkeka wowote wa uani kwake. Mastura aliinuka kidogo. Lori likaendelea mpaka chini ya jukwaa, mahali ambapo zulia lilikuwa limekunjwa, na magurudumu ya mbele yakaingia kwenye kunjo hilo. Likasimama, mota inanguruma.

Alingoja fyuzi ikatike.

Haikukatika. Mota ilizidi kunguruma. Nje ya pazia Saad alisikia vigelegele tu, na kadiri vilivyozidi ndivyo alivyozidi kusukuma swichi ya kisanduku.

"Saad, achia!" Mastura aliita. "Achia!"

Pembe za vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, zilikuwa zinagongwa, sauti yake haikufika hata safu ya pili. Ncha ya shela la Shekha ilikuwa imelala juu ya lori. Harufu ya plastiki inayoungua ikamfikia Mastura puani, kisha moshi ukatoka chini ya lori.

"Keti, mwenzetu, unatukinga!" alisema mmoja nyuma yake.

"Muache, na yeye anataka kuona dhahabu."

Alipiga magoti. Alilivuta shela akalitupia mapajani mwa Shekha, akasukuma sinia kando, akaliinua lori. Magurudumu yakapata hewa, yakazunguka kwa kasi. Mzigo ulipungua, moshi ulipaswa kupungua nao. Ukazidi. Akajua waya zimeyeyuka na kugusana, na sasa hata Saad akiachia haitasaidia kitu.

"Shangazi?" Shekha alisema chini ya shela.

"Usisogee, mwanangu. Kusanya nguo zako."

Kiungo cha betri kilikuwa kimelainika na kunata, hakikutoka. Alijizungushia leso mkononi, akaushika waya mmoja penye betri na kuuvuta mpaka ukakatika. Mota ikanyamaza. Alitoka na lori mbio kwa mlango wa uani, huku wanawake wakimpisha, akaliweka juu ya rundo la mchanga wa ujenzi. Vidole viwili vilikuwa vimeungua kupitia leso.

Saad alikuja amezunguka nyumba, kisanduku bado kifuani. "Fyuzi imekatika?"

Mastura alifungua pale ilipowekwa fyuzi kwa ncha ya bisibisi. Palizungushiwa karatasi ya bati ya pakiti ya sigara, ipitishe umeme badala ya fyuzi.

"Haikuwapo ya kukatika," alisema.

Saad alitazama chini. "Jana tulilijaribu Mambrui. Zilikatika zote tatu."

"Lilikwama wapi?"

"Kwenye zulia la mama."

"Basi fyuzi ilikuambia mara tatu." Alikaa kitako mchangani. "Na mimi nililipima nikiwa naliona. Sikufikiria kwamba wewe utaliendesha huku huoni kitu. Shika hapa, juu ya betri. Usiogope, shika."

Saad aligusa, akaurudisha mkono upesi.

"Zinazidi kupata moto," alisema.

"Waya umekatika, lakini moto wa ndani haujaisha. Yoyote kati ya hizi inaweza kupasuka. Waondoe watoto hapa."

Saad aliwafukuza watoto, akasimama kwenye kona ya nyumba awazuie kurudi. Ndani walikuwa wameanza wimbo juu ya gari la Mambrui lililotaka kuvutwa na punda. Bi Mishi aliitikia kwa sauti kuliko wote, akaichukua sinia mwenyewe na kuifikisha kwa mkwewe.

Mlango wa uani ukafunguka. Alikuwa Kadzo, jirani aliyesaidia kupika. "Bi Mastura, wanamfunua. Kaulizia shangazi yake."

Mastura aliusogeza mgongo wa mkono karibu na betri. Bado joto lilimpiga kabla hajagusa.

"Waambie wamfunue," alisema. "Mwambie siwezi kuondoka hapa kwa sasa."

"Hata kidogo tu?"

"Hata kidogo. Niletee ndoo ya kuchotea mchanga, nilifukie."

Kadzo alikwenda. Vigelegele vikapanda ndani ya nyumba, virefu, vya kumfunua bibi harusi. Mastura alisikiliza, uso ameuelekeza kwenye betri, na vidole vyake vilivyoungua amevikunja kwenye leso.